Barafu kwa Mzazi

Kila kiangazi hapa Chongqing, China, huwa nimeshakasirika kabla sijavaa koti la udaktari. Joto linanikasirisha, ngazi za mji huu wa milimani zinanikasirisha, na zaidi ya yote wananikasirisha watu wanaofunga madirisha. Mchana ule wa Julai waliniletea Xu Yanmei, mzazi aliyejifungua wiki iliyotangulia, amezongwa blanketi zito la pamba, kofia ya sufu kichwani, na soksi juu ya soksi miguuni.

Alikuwa anaweweseka, akimwita mumewe, dereva wa lori ambaye saa hiyo alikuwa mkoa mwingine kabisa. Mara degedege likamkamata. Tulipolituliza, Daktari Zhai, kijana niliyekuwa naye zamu, alimgusa paji la uso, akauondoa mkono haraka.

"Homa ya uzazi hii," akasema. "Uchafu wa tumboni umeingia kwenye damu. Tumpe dawa kali ya mshipa, na nyingine ya kushusha homa."

"Ya mshipa mpe, huwezi kujua. Ya kushusha homa iache, haitafua dafu hapa. Kwanza pima joto, tena kwa njia ya haja kubwa. Kwapa linadanganya."

Kipimajoto kilipita arobaini na moja. Nikamvua ile kofia. Nywele zilikuwa kavu, vipele vya joto vimejaa shingoni, na jasho halikuwepo hata tone. Mtu akiwaka hivyo, akili imeshampotea na ngozi imekauka, ujue mwili umeshindwa kujipoza wenyewe. Nikamgeukia mama mkwe wake, Mama Tan, mwanamke mfupi aliyekumbatia chupa ya supu ya kuku.

"Mama, chumbani kwake kuna kiyoyozi?"

"Kipo. Nimekizima."

"Na madirisha?"

"Nimeyaziba kwa karatasi na gundi. Mzazi yuko ndani, hajamaliza mwezi wake wa kukingwa na baridi! Unataka aingiwe na upepo?"

"Umesikia, Zhai? Amepikwa na joto huyu. Likiendelea kukaa ndani linaharibu ubongo, ini, figo, kila kitu. Usisimame kama nguzo ya umeme, kalete barafu!"

Muuguzi Qiu alikuwa ameshafika na feni na beseni la maji yenye mabonge ya barafu. Mama Tan alipoliona, chupa ya supu ilimtoka mikononi. Akajitupa juu ya mkwewe, akamfunika mwili mzima.

"Niueni mimi kwanza! Barafu kwa mzazi! Mifupa itamuuma mpaka anaingia kaburini!"

"Na akiingia leo, mifupa itamuuma nani?" nikafoka.

Halikusaidia kitu neno hilo. Alizidi kumng'ang'ania, na dakika zilikuwa zinatupotea. Qiu akanigusa kiwiko, akanionyesha kwa macho mikono ya yule mama iliyoshika ukingo wa kitanda. Vidole vilikuwa vimepinda, vifundo vimevimba. Nikashusha sauti.

"Mama, mikono hiyo imekuwaje?"

"Baridi yabisi," akajibu bila kuinua kichwa. "Nilipomzaa mwanangu sikuwa na mtu wa kuniweka ndani. Siku ya tatu nilitolewa kitandani nikapande mpunga, maji ya baridi mpaka magotini. Tangu hapo nikigusa maji baridi naumwa usiku kucha. Nikaapa mke wa mwanangu hatayaona haya. Nimemchinjia kuku, nimemlisha kwa mkono wangu. Daktari, binti mwingine sina."

Hasira zote zikaniisha. Ningemkasirikia nani, wakati kila alichokifanya alikifanya kwa mapenzi? Nikaushika mkono wake mmoja, nikauweka kifuani kwa Yanmei.

"Sikia moto huo, mama. Umefungiwa ndani, hauna pa kutokea. Tukimlowesha na kumpepea, utatoka. Tukichelewa, hatakuwa na mwezi wa kumaliza. Tafadhali, nipishe."

Aliuacha mkono wake pale kidogo. Kisha akainuka, akajifuta machozi, akakunja mikono ya blauzi.

"Nipeni kitambaa," akasema.

Tulimwingiza Yanmei mpira wa kumsaidia kupumua, tukamtundikia dripu ya maji baridi, tukambana barafu shingoni, kwapani na kwenye mapaja, feni ikimpuliza bila kukoma. Mama Tan alichovya kitambaa kwenye beseni, akakamua, akampangusa, akachovya tena.

"Mama, pumzika, nipe mimi," Qiu akamwambia. "Mikono yako."

"Wewe tazama hiyo mashine yako. Mikono ni yangu."

Joto liliposhuka chini ya thelathini na tisa nilisimamisha barafu, maana mwili ukishaanza kupoa unaweza kupitiliza. Lakini mkojo wake ulikuwa mweusi kama chai ya rangi, dalili kwamba figo ziko hatarini, na hatukujua kama ubongo umesalimika. Niliogopa, sitaficha. Mama Tan alikesha kwenye benchi nje ya mlango, mikono ameificha kwapani.

Kesho yake jioni Yanmei alifumbua macho. Mpira ulikuwa bado kooni, kusema hawezi, ila nilipomwambia anikonyeze alinikonyeza. Nikaenda kumwita mkwewe. Alikataa kusogea karibu.

"Nitamtazama kwa uso gani? Nilikuwa namuua."

Yanmei aliinua mkono, akamwita kwa vidole. Mama Tan akasogea, akidhani anataka mto. Yanmei akaitazama ile mikono, myekundu, imevimba kuliko jana. Akaishika yote miwili, akaivuta chini ya shuka, akaiweka juu ya tumbo lake na kuifunika.

Mama Tan akalia kwa sauti. Qiu naye, akidhani upepo unamkera mama, akanyoosha mkono apunguze feni iliyokuwa bado kando ya kitanda.

"Iache," Mama Tan akamwambia. "Huoni mzazi anataka upepo?"