Vilio vya Daktari wa Meno

Wagonjwa wa daktari wa meno walikuwa wakimkimbia kabla hajawagusa. Kliniki yake ilikuwa ghorofani, juu ya duka la viatu. Mtu aking'olewa jino, kilio kilipita dirishani kama vile hakuna kioo, kikawashukia wenzake waliosubiri zamu kwenye benchi la chini, nje ya duka. Nao wakashika mashavu yao, wakaenda zao.

"Mama, nakuheshimu," daktari alimwambia mwenye jengo asubuhi moja. "Lakini nimeshapata chumba kwingine. Usipoamua leo kama madirisha haya yanabadilishwa au yanatengenezwa, kesho nabeba kiti changu."

Roho ikamruka mama wa watu. Chumba kile kiliwahi kukaa kitupu mpaka njiwa wakajifanya wapangaji. Akamwita fundi wa madirisha, na fundi mwenyewe, ndiyo mkosi, alikuwa mume wa binti yake.

Mkwe akapanda ngazi kichwa chini. Tangu aoe hajawahi kumtazama mama mkwe usoni. Viatu vyake ndivyo alivyovijua vizuri.

"Haya, baba. Tuyang'oe tuweke mapya?"

"Ndiyo, mama."

"Au fremu zibaki, tutengeneze tu?"

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu, yote mawili hayawezekani."

"Kweli kabisa, mama."

Daktari akakohoa kuficha kicheko. Mama akaona heshima hii itamponza. "Basi natoka. Zungumzeni wenyewe," akasema, akaenda varandani, akajibanza kando ya dirisha lililofungwa.

Huku ndani mkwe akapata ulimi. "Daktari, nikwambie ukweli? Fremu hizi ni chuma cha maana, kuzing'oa ni kubomoa ukuta bure. Ubaya ni mama mkwe wangu. Kila mwaka anapaka rangi. Anapaka bawaba, anapaka mpaka mpira wa kuzibia, umekauka kama biskuti. Kwangua, weka mpira mpya, ongeza kioo cha pili kwa ndani. Mtu alie mpaka aite mababu, chini hawasikii."

"Sasa mbona humwambii?"

"Nimwambie yule? Akinikoholea tu nasahau jina langu. Na rangi yenyewe, kijani cha mtu anayeumwa tumbo. Sijui nani alimdanganya."

"Nilichagua mwenyewe," dirisha likajibu.

Kitasa cha mlango kikazunguka. Mkwe akarukia dirisha la upande wa pili atoroke, lakini rangi ilikuwa imeligandisha. Mama akamkuta goti moja liko juu, anasukuma.

"Shuka, mwanangu. Kumbe una mdomo. Nimesikia kila neno, mpaka ulipovuta pumzi, kwa hiyo daktari ana haki. Fremu zinabaki. Mpira mpya na kioo cha pili, anza leo hii."

"Ndiyo, mama," akasema mkwe, na safari hii ilikuwa ndiyo ya kweli.

Kazi ilipokwisha, mama akakaa na wagonjwa kwenye benchi kusikiliza, mkwe akabaki juu apige kelele za majaribio. Hakikusikika hata kikohozi. Mama akafurahi, akainua macho: mkwe kabandika uso kwenye kioo kisafi, kinywa wazi, mishipa ya shingo imemsimama, na sauti hamna.

Wagonjwa nao wakainua macho. Wawili wakaondoka mbio.

Mama akavuka barabara papo hapo kununua pazia. Daktari akasema, kwa pazia, atabaki.