Hesabu Iliyokataa Kufutika

Jumatatu ilikuwa zamu ya Mboni kufuta ubao. Alichovya kitambaa kwenye ndoo, akakikamua, akaanzia juu, kama alivyotaka Mwalimu Zubeiri, mkuu wa shule pale Tongoni. Tarehe ikafutika. Imla ikafutika. Hesabu yake mwenyewe ya Ijumaa ikakataa. Akasugua kwa mchanga, kisha kwa jivu. Nne gawanya kwa nusu, nane. Ikabaki pale pale, nyeupe, kama ndiyo kwanza imeandikwa.

"Mvivu huyo," alisema Sabiha kutoka dawati la mbele. "Nendeni kwao mkaone sufuria zilivyo."

Mwalimu Kristina, aliyeshuka kutoka Usambara kuja kufundisha darasa la nne, akaigusa kwa kidole. "Mwacheni. Hiyo ameielewa, na iliyoeleweka haitoki." Akaandika tarehe pembeni, somo likaendelea.

Siku zote Mwalimu Zubeiri alifundisha kugawanya kwa sehemu namna moja tu: pindua ya pili, zidisha, kaa chini. Ukiuliza kwa nini, fimbo. Mboni aliwahi kuuliza, na tangu hapo akawa mtu wa kunyamaza. Ijumaa ile Mwalimu Kristina alikuja na maandazi manne chini ya kawa. Akauliza manne ukigawanya kwa nusu unapata ngapi. Darasa zima likasema mbili.

"Mbili ni mkigawana watu wawili," alisema. "Mimi nauliza hivi: kila mtoto nikimpa nusu, watakula wangapi?"

Mboni akakata kwa mkono wake, akagawa, akatazama vinywa vinavyotafuna. Kitu kikamtulia kifuani. Akaenda ubaoni akaandika bila kuitwa, yeye ambaye hata shikamoo huitoa kwa kunong'ona.

Baada ya hapo ubao ukaanza kujaa. Uweso akaelewa robo. Mwanamkasi akaelewa kazi ya sifuri. Nafasi ikawa haba mpaka tarehe ikahamia ukutani. Hesabu za Sabiha zilifutika kwa pumzi tu, na zote zilikuwa sahihi, tena alizimaliza kabla ya wenzake. Mwalimu Zubeiri alisema ubao umeharibiwa.

Mwaka ule shule ya kati ya bweni ilikuwa na nafasi ya msichana mmoja tu kutoka pale. Baba yake Mboni alikwisha sema. "Ukipata, nenda. Ukikosa, unawekwa ndani kungoja posa, na tusisumbuane."

Mkaguzi akaja na gari, soksi zimefika magotini. Akawaita Mboni na Sabiha mbele.

"Sita gawanya kwa robo."

"Ishirini na nne, bwana," Sabiha akajibu, huku anaandika.

Mboni naye akaandika ishirini na nne, akageuka. "Kwa sababu kila moja ina robo nne, bwana, sasa zikiwa sita..."

"Nimekuuliza jibu. Nani kakuuliza sababu?"

Mkaguzi akachukua kitambaa afute, aandike nyingine. Ya Sabiha ikatoka. Ya Mboni ikabaki. Akasugua mpaka mkono wa shati ukawa mweupe, kisha akauliza ubao huu ni wa nani.

"Wa Mwalimu Kristina," alisema Mwalimu Zubeiri.

Nafasi akapewa Sabiha. Mwalimu Kristina akahamishiwa shule ya watoto wa mashamba ya mkonge, huko bara. Siku ya kuondoka Mboni alimfuata mpaka barabarani.

"Mwalimu, nilikosea wapi?"

"Hukukosea."

"Sasa kwa nini?"

Mwalimu Kristina akakaza kamba ya mzigo wake. Lori likaja, akapanda.

Ubao ukafanywa mlango wa choo cha walimu, darasa likaletewa mwingine. Mboni akawekwa ndani. Siku moja aliokota kaa jikoni, akaandika kwenye ukuta wa sebule jambo la theluthi alilokuwa akilifikiria peke yake. Mama yake akapaka chokaa. Asubuhi hesabu ikawa juu ya chokaa. Akapaka tena, kisha akachoka, akarudi jikoni kwenye mapishi.

Watu wa posa walipokuja, mama akatundika mkeka mpya pale, akawakaribisha kahawa na halua. Shangazi wa bwana harusi aliegemea mkeka, akasema ukuta huu una joto.

"Jua hilo, linapiga kwa nyuma," alisema mama, akamwongezea kahawa.

Kabla ya alasiri wakawa wamekubaliana.