Ukurasa Muzima wa Nyantende

Ku karatasi niko na miaka makumi sita na mbili. Kwa ukweli niko na makumi sita na sita. Naanza na hiyo juu musikuje kunisumbua kiisha, eti nilificha. Watu wa umri yetu hapa Bukavu, wengi tuko na miaka mara mbili: ile ya mama na ile ya commune, bureau yenye inaandika watu. Directeur wa primaire alikuwa anaona mutoto murefu wa miaka kumi anakuja kuanza mwaka wa kwanza, anauliza muzazi, "Huyu tumuandike wa ngapi?" Muzazi anajibu, "Andika sita." Basi. Mutoto anapoteza miaka ine pale pale, na hakuna mwenye analia.

Mimi ni juriste wa serikali, upande ya kodi. Kazi yangu ni caisse za retraite. Kampuni inataka kuwekea wafanyakazi wake feza ya uzee, inaleta règlement yake, kanuni za ile caisse, mimi nasoma, kiisha naandika avis: hii tusiikate kodi, hii tuikate. Nafanya hiyo tangu miaka makumi tatu na moja. Watu wanaona ni kazi ya kukausha mutu roho. Mimi naipenda. Mutu wa Sud-Kivu anakuwa muzee mbele ya sheria siku gani, mimi njo ninajuaka.

Sisi watumishi wa serikali tunatokaka na makumi sita na tano. Kwa karatasi nilikuwa ningali na miaka tatu, na nilikuwa natumika pole pole, bila haraka. Bwana yangu alikufa zamani, watoto wako Kinshasa na Kampala. Nyumba yangu ya Muhumba ni kubwa, iko safi, na kuanzia saa kumi na mbili ya jioni hamuna hata mutu wa kugombana naye. Ku bureau nagombana na watu muchana muzima. Nilikuwa naogopa retraite, naisema wazi. Mimi mwenye nilipanga ya watu elfu na elfu, yangu niliiogopa.

Mbele yangu, ku meza ya pili, anaikalaka Hervé. Ana miaka makumi ine na tatu, ni juriste muzuri, na tangu miaka kenda anangojea kiti yangu kwa heshima yote. Kila asubuhi ananisalimia, "Bonjour Maman Yolande," macho iko ku kiti.

Papa Télesphore aliingia siku ya ine moja ya mwezi wa tano. Alikohoa mbele ya kusalimia. Alikuwa amevaa veste ya misa, na mu mukono alikuwa na enveloppe yenye alikuwa ameikunja mara mingi mupaka ilianza kupasuka. Anatumika ku kiwanda kimoja cha majani ya chai, inje kidogo ya muji, ku mashini ya kukausha.

"Mukubwa," akaniambia, "nakuja juu ya miaka yangu."

"Iko ngapi?"

"Ku kiwanda, makumi tano na munane. Kwa mama yangu, makumi sita na sita."

Hata Hervé aliinua kichwa. "Munane nzima? Papa, ulifanya je?"

"Nilikata mara mbili. Ku masomo nilikata ine. Kiisha kiwanda ilikuwa inatafuta vijana, nikakata ine ingine." Akakohoa tena, akapanguza midomo. "Nilikuwa najiona mwerevu."

"Na sasa unataka kurudisha," nikasema. "Papa, miaka si viazi ya gunia, leo unatoa, kesho unarudisha."

Alicheka, aksanti Mungu. Mutu mwenye hachekake ananichokesha. Kiisha akanielezea, na hapo sikucheka tena. Ile mashini inatoa vumbi ya majani, na vumbi ilimujaa mu kifua. Muganga wa hospitali alimuambia: papa, ukimaliza miaka mbili tena pale ndani, hautatoka muzima. Lakini caisse ya kiwanda inalipa paka mutu mwenye amefikisha makumi sita. Akitoka mbele, anatoka mikono mutupu. Na vumbi, règlement haiijue.

"Mimi sitafute kitu ya mutu," akasema. "Niko na bibi, niko na shamba kidogo Nyantende. Nataka niikale pale, nipumue."

Kiwanda haikukataa. Kiwanda iliogopa sisi. Sheria ya caisse yao iko hivi: siku watalipa mutu hata mumoja mwenye hajafikisha umri, ruhusa yao ya kutokatwa kodi inakufa, na inakufia wafanyakazi wote. Njo maana directeur alimuambia aende kutafuta avis yetu, mutu wa kodi aseme Télesphore ni muzee ao hapana.

Akafungua enveloppe, akatoa extrait ya batizo, kipande chenye paroisse inanakili mu kitabu chake. Ilikuwa na cachet, muhuri ya paroisse, na mwaka wa batizo, 1958. Hervé aliiangalia, akaisukuma pole pole.

"Extrait hatukubalie, papa. Iko note de service, amri ya bureau."

"Nani aliiandika?" papa akauliza.

Hervé akanionyesha na kidevu.

Ni mimi, ndiyo. Miaka kumi na mbili ya nyuma, wazee watatu walituletea extrait za paroisse yenye haiko hata ku carte ya inchi. Nilikasirika, nikaandika: kuanzia leo hatutaki kipande. Tunataka ukurasa muzima wa registre, kile kitabu cha batizo, kuanzia juu mupaka chini, photocopie ifanyike mbele ya macho ya mutu wa bureau yetu, aandike ku mukono yake "page entière", apige cachet. Kusikatwe kitu, kusifunikwe kitu. Nilijivunia ile note sana. Kinshasa waliniandikia barua ya kunipongeza.

Hervé alikuwa ameisha tayarisha projet ya avis: ombi imekataliwa, karatasi ya commune njo inaamua. Ilibakia signature yangu. Nikishaini, Papa Télesphore anarudi ku vumbi, na mimi naenda kula.

"Registre iko bado?" nikamuuliza papa.

"Iko, Maman. Lakini padri hakubali itoke."

"Basi nitaifuata."

Hervé akasema ntaharibu viatu. Nikamujibu viatu ni yangu. Sikumuambia kama na mimi nilizaliwa Nyantende, na kama 1958 naijua vizuri kuliko yeye. Lakini registre iko na makurasa mingi. Sikuwaza kitu. Ao niliwaza, nikajikatalia.

Tulienda kesho yake, siku ya tano, na jeep ya bureau. Mvua ilikuwa imenyesha, na viatu viliharibika kweli. Ku bureau ya paroisse tulikuta secrétaire, Donatien, mutu wa polepole, anavaa lunettes mbili, moja ku macho, moja ku kichwa. Papa Télesphore hakuingia. Aliikala inje ku banc juu hewa ya ndani ilikuwa inamukohoza.

Donatien alileta registre na mikono mbili. Akafungua 1958, ukurasa wa kwanza, akapitisha kidole.

"Huyu hapa. Namba ine. Télesphore, mwana wa Muderhwa. Alizaliwa makumi mbili na munane ya mwezi wa kumi na mbili, 1957, akabatizwa tano ya mwezi wa kwanza. Njo siku ya mutakatifu Télesphore, unaona? Hawakumutafutia jina mbali."

Nilikuwa ninaona. Nilikuwa naona na namba saba. Yolande Nsimire, binti ya Cishugi. Alizaliwa mbili ya mwezi wa kwanza, akabatizwa tano, siku moja na ule wa namba ine. Na ku pembeni, mwandiko ya padri mwingine: ameolewa na Jean-Claude, Bukavu, 1986. Jina ya bwana yangu. Mungu wangu, nikasema ndani. Nilikuwa sijaona jina yake imeandikwa na mukono ya mutu tangu tulimuzika.

"Ni sawa, Maman?"

"Ni sawa. Fanya photocopie."

Donatien aliwasha groupe ya umeme, akangojea mashini ipate moto. Kiisha akachukua karatasi nyeupe, akaiweka juu ya ukurasa, chini ya namba ine. "Nafunikaka hawa wengine," akasema. "Kuna watu hawapendi majina yao itembee."

Nilipashwa kusema hapana. Nilimuacha afanye. Karatasi ilitoka: juu, Télesphore na wale watatu wa mbele yake, chini, nyeupe tupu. Ilikuwa photocopie nzuri sana. Nikaiweka ku meza, nikafungua kalamu, nikaandika "page". Kiisha nikasimama pale. Neno ya pili ni "entière".

Inje, Papa Télesphore alikohoa. Alikohoa murefu, sawa mutu anatafuta kitu mu kifua na hakipate. Nilifanya hesabu yangu yote pale, na sina haya ya kuiandika. Kama napiga cachet ku hii ya kufunika, yeye anatoka, mimi nabakia, hakuna mutu atajua. Lakini cachet itakuwa inasema uongo, na miaka kumi na mbili nimefukuza wazee na machozi yao juu ya uongo mudogo kuliko hiyo. Kama nashaini ile ya Hervé, hakuna uongo hata kidogo, na huyu mutu anakufa mu vumbi na karatasi zote ziko sawa. Hiyo ya pili njo ilinitia haya, juu ni yenye nilikuwa ningeifanya kama singalikuja.

Nikakunja ile photocopie, nikaitia mu sacoche.

"Rudilia," nikamuambia Donatien. "Toa hiyo nyeupe. Ukurasa muzima."

"Yote?"

"Kwani mashini inalipisha kwa jina?"

Siku ya kwanza ya wiki, asubuhi, niliandika avis. Niliandika kama kitabu cha batizo kiliandikwa wakati mutoto angali ku mabega ya mama yake, na kama karatasi ya commune iliandikwa kiisha, kwa mudomo tu. Kwa hiyo cha kwanza njo kinaamua. Télesphore ana makumi sita na sita. Caisse inaweza kumulipa, ruhusa yao haiguswi. Annexe, karatasi ya kufuatana nayo: ukurasa moja. Ni avis nzuri kupita zote zangu, nasema mimi mwenyewe. Nikamupatia Hervé atie namba na kuipandisha kwa chef.

Hervé anasomaka yote. Ni mimi nilimufundisha. Alisoma avis, akasema "Mm." Akafungua annexe. Nilikuwa najifanya ninatafuta agrafeuse ya kubana karatasi.

"Maman Yolande."

"Sema."

"Namba saba."

"Iko nini, namba saba?"

"Ni… ni weye?"

"Ule bwana wa pembeni ni wangu. Basi binti na yeye ni mimi."

Akarudilia ule mustari. Nilimuona anahesabu. Nami nilikuwa nimeisha hesabu: makumi sita na tano yangu ilipita mwaka jana, mwezi wa kwanza. Chef akisoma huu ukurasa, na atausoma, kesho yake barua yangu ya retraite iko tayari. Avis inasema kitabu cha batizo njo kinaamua. Haisemi kwa Télesphore peke yake.

"Hii avis ikitoka inakuondoa," Hervé akasema.

"Unajua kusoma, aksanti."

"Tunaweza kutia ile extrait yake. Mara moja tu. Mimi sitasema."

Nikamuangalia. Macho ilikuwa kwangu, haikuwa ku kiti. "Weye! Miaka kenda unanihesabia siku, na leo njo unataka nikae?"

"Sikutaka iwe hivi," akasema. Nilimupenda pale, sitakataa. Nikamuambia atie namba.

Papa Télesphore alirudi ku wiki yenye ilifuata, siku ya ine, saa kumi kasoro. Ile veste ya misa. Avis ilikuwa imerudi na signature zote, na barua yangu ilikuwa imefika ile asubuhi, mistari ine, na makosa mbili ya kifaransa. Nilimupatia dossier yake, nikamuonyesha fasi ya kushaini. Alishaini polepole, akakohoa, akapanguza macho na mukono. Hakutoa hotuba. Alisema paka, "Nitaenda kumuambia bibi."

Kiisha akaniuliza, vile watu wanaulizaka ili wasitoke haraka: "Na weye Maman, ungali na miaka ngapi ya kazi?"

Ni mara ya kwanza nilitaja miaka yangu ya kweli na sauti ndani ya ile bureau. "Nilimaliza mwaka jana. Niko na makumi sita na sita."

Akaniangalia, akaangalia Hervé, mwenye alikuwa anaangalia chini. Akafungua dossier ku annexe, akaweka kidole ku namba ine, kwake. Akakishusha: tano, sita, saba. Midomo ilikuwa inasoma.

"Tulibatizwa siku moja," akasema.

"Siku moja."

Alifunga dossier, akaitia chini ya mukono, akaweka koti sawa.

"Basi simama," akaniambia. "Tuende."

Nilipatia Hervé ufunguo wa armoire, nikachukua sacoche yangu.