Jua la Saa Tano Usiku

Nkatha alikuwa amebandika maharagwe, saa kumi na mbili jioni, jiko lilipozimika lenyewe. Kabla hajaifikia swichi, Bwana Cheruiyot, mwenye nyumba, aliteremka ngazi na karatasi mkononi.

"Dada Nkatha, usihangaike. Ni mimi nimezima. Tumebadilisha mpango wa stima."

Alieleza polepole, vile alivyosoma matangazo kanisani. Kuanzia saa tano usiku hadi saa moja asubuhi, stima ilikuwa karibu ya bure. Kuanzia saa kumi jioni hadi saa tatu usiku, bei ilikuwa kama mara kumi ya hiyo. Kwa hiyo jiko na mashine ya kufulia vya huku chini vingewaka saa hizo za usiku tu. Alikuwa ameshafunga kifaa cha kuvidhibiti.

"Na kwenu juu?"

"Sisi tuna watoto."

"Na zile dola mia moja na ishirini ninazolipa za stima kila mwezi?"

"Hiyo tutaiangalia," alisema Bwana Cheruiyot, akapanda ngazi.

Nkatha alikodi vyumba viwili chini ya nyumba hiyo, Scarborough, mashariki mwa Toronto. Aliishi humo na mama yake, Kaari, aliyekuja kutoka Meru mwaka uliotangulia. Mchana alifanya kazi katika makao ya wazee, akiwaogesha na kuwalisha watu ambao watoto wao walikuwa mbali. Alitoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri. Sasa saa tano usiku alichemsha maharagwe, akasonga ugali wa kesho, akafua sare. Alilala vipande vipande, dakika ishirini mashine ikizungusha, kumi ikimwaga maji. Hata ilipokuwa kimya aliisikia.

Usiku wa kumi, mashine ilipoanza kuvuta maji, jua lilichomoza katika dirisha dogo lililo juu ya sinki. Dirisha hilo lilikuwa usawa wa nyasi. Nje, ua ulibaki na giza lake, na gari la Bwana Cheruiyot lilikuwa na barafu kwenye kioo. Ndani kulikuwa asubuhi. Kufikia saa nane za usiku sakafu ilikuwa imepata moto hata Nkatha akavua soksi.

Kaari alisogeza kiti chake pale mwangani.

"Angalau limekuja," alisema. "Tangu Oktoba sijaliona vizuri."

Siku ya pili, wakati wa mapumziko kazini, Nkatha alipiga simu kampuni ya stima. Karani alimuuliza kama jua hilo linapitia kwenye mita. Nkatha akasema halipitii. Karani akasema basi haliwahusu, akamshauri aanikie nguo hapo badala ya kutumia mashine ya kukaushia, maana kungempunguzia gharama zaidi. Nkatha alimshukuru. Jioni alinunua kamba.

Pazia halikusaidia kitu, wala blanketi alilolipigilia misumari dirishani. Jua lilipenya kama lililolipia. Nkatha alijifunga leso machoni akalala chali, miguu ikitafuta pa kukaa.

Jumapili moja ya Desemba, Bwana Cheruiyot alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Alisema Mungu ameishusha bili yake ya stima kutoka dola mia tatu na kumi hadi mia moja na sabini. Watu walipiga makofi. Nkatha naye alipiga, kwa kuwa alikuwa amekaa safu ya mbele na mikono ilikuwa imeshainuka. Baada ya ibada alimfuata kwenye maegesho.

"Mzee, hiyo bili imeshuka kwa sababu mimi napika usiku."

"Ni kweli kabisa."

"Basi na mimi nipunguziwe."

"Dada, tulikubaliana mia na ishirini. Ingepanda, ningekuongezea?"

Nkatha alitaka kusema kwamba mwaka jana ilipanda, na Bwana Cheruiyot alimwongezea. Lakini Chelagat, mke wa Bwana Cheruiyot, alikuwa ameshawasha gari.

Wiki hiyo Kaari alianguka bafuni. Alikuwa akimeza dawa ya presha kila asubuhi, kama alivyoagizwa, na sasa asubuhi zilikuwa mbili. Hospitalini muuguzi aliuliza amemeza lini mara ya mwisho.

"Asubuhi," alisema Kaari.

"Asubuhi gani?"

"Ile ya saa tano usiku. Halafu tena ile yenu."

Muuguzi aliandika: mgonjwa ana asubuhi mbili kwa siku, ameze moja. Walimlaza siku tatu. Nkatha alikosa zamu tatu, na hakulipwa hata moja.

Usiku wa siku aliyorudi na mama yake, alimkuta Bwana Cheruiyot amesimama kwenye ngazi saa sita za usiku, mkono juu ya macho kukinga mwanga. Alikagua dirisha, akagusa ukuta uliokuwa na joto.

"Chumba chenye jua, Toronto, Desemba," alisema. "Unajua watu wanalipa ngapi?"

Kodi ilipanda kwa dola mia moja na hamsini. Nkatha alitafuta kwingine majuma mawili, hadi mji wa jirani wa Brampton, akakuta bei za huko ni kubwa zaidi. Akatia sahihi mkataba mpya.

Siku hizi Chelagat huteremka saa sita na nusu za usiku na kikombe cha chai, akakaa karibu na Kaari, miguu mitupu kwenye jua. Huongea kwa sauti ya chini, kwa kuwa Nkatha amelala hapo kando, au anajaribu.

Wiki iliyopita, ndani ya basi la alfajiri, theluji ikipiga vioo, mwenzake wa kazini, Nazira, alimtazama usoni kwa muda.

"Umeungua na jua, dada. Ulikwenda likizo wapi?"

"Sikwenda popote," alisema Nkatha. "Nilikuwa nafua."