Kiduha Shambani kwa Laurian

Kiduha ni gugu lenye ua zuri, na tatizo linaanzia hapo. Mvua zikikolea huchomoza katikati ya uwele, kikachanua zambarau hadi mgeni asimame kutazama. Huku chini kimeng'ang'ania mizizi ya uwele kinaunyonya. Hufa mwaka huohuo, lakini kabla ya kufa humwaga mbegu laini kama vumbi.

Shamba la kaka yangu Laurian lilikuwa zambarau tupu. Nilimwambia tuking'oe kabla hakijamwaga mbegu, akasema mgongo unamuuma. Mgongo wa Laurian huuma wakati wa palizi. Kwenye pombe ya mtama unapona.

Mwaka huu wakwe walikuwa wanakuja kumposa binti yake, Pendo. Kwetu Mgori mkwe hatazami nyumba. Hupelekwa shambani kwanza, ajue anaoa kwa watu wa namna gani. Pendo alikuwa hali wala hanywi kwa ajili ya Gerald, kijana anayemposa, na mimi shangazi yake niliogopa kweli kwamba posa itafia kwenye yale maua.

Wakafika. Mama yake Gerald, Theresia, alisimama ukingoni mwa shamba akakunja uso.

"Mimi siingii," akasema. "Hii kitu inapanda na udongo wa viatu, unaenda nayo mpaka nyumbani."

"Si maua tu, mkwe," akasema Laurian.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, ila nimmeze Laurian kwanza.

"Kwetu ng'ambo ya korongo hayakuwahi kuota," Theresia akaendelea. "Mwaka huu yameota. Tena siyo shamba zima. Yameota mstari mmoja, kutoka korongoni mpaka kwenye dirisha la Gerald. Mlango usiku huwa nafunga mwenyewe."

Gerald alitazama viatu vyake. Pendo alijifunika kanga usoni, na mabega yake yakaanza kutikisika. Sikujua analia au anacheka.

"Kwa hiyo posa imevunjika, mama?" nikauliza.

Theresia akanishangaa.

"Ivunjike vipi? Nimekuja kumchukua binti akakae kwetu, ili huyu mwanangu aache kuja huku usiku. Akiendelea msimu mmoja tu, mwakani tutakula maua."