Sahani ya Viazi vya Mchanga

Mimi si mtu wa kuona kinyaa upesi. Nimelea watoto saba, nimemwosha mume wangu miaka miwili akiwa kitandani. Lakini asubuhi ile ya mwezi wa nne nilipiga magoti bondeni, nikazamisha mkono mchangani kutafuta kiazi, nikatoka na nepi.

Bonde hilo liko katika jangwa letu, sisi wenyeji wa asili wa Marekani, kusini mwa barabara kuu. Kaskazini, serikali ilishatenga vilima vyote vya mchanga viwe pori lisiloguswa: huingii na gari, hujengi kitu, unakwenda kwa miguu yako. Kusini wameachiwa wenye vigari vya kukimbiza mchangani kwa mchezo. Kila Sikukuu ya Shukrani, mwezi wa kumi na moja, wanakuja maelfu na nyumba zao za magurudumu, wananguruma siku nne, na siku ya kuondoka wanafungua bomba la choo chini ya gari, wanamwaga palepale, haoo, wamekwenda. Viazi vya mchanga, vile virefu vyeupe vinavyojificha chini kabisa, kwetu vimebaki bonde hilo tu. Ndiyo maana tuliomba mpaka wa pori usogezwe, bonde liingie ndani.

"Bibi, tupa hicho kitu," alisema mjukuu wangu Verlene, ameziba pua.

"Nikitupe wapi? Kilishatupwa."

Tulichimba hivyo hivyo, maana mchana tulikuwa na mgeni, na kwetu mgeni hupewa kilichochimbwa siku hiyo. Mgeni mwenyewe ni Bwana Haskell wa ofisi ya ardhi. Alikuja na fomu yake, akaketi kwenye kibanda cha matawi.

"Bi Orlena, wakubwa hawajakataa," alisema. "Ila wanataka ushahidi. Nitajie majina ya waliochimba pale kabla yako."

"Wote wamekufa."

"Hao hao. Majina tu, mimi naandika."

Verlene akainamisha kichwa. Kwetu mtu akifa tunamchoma pamoja na vitu vyake, na jina lake halitamkwi tena. Mama yangu ndiye aliyenionyesha bonde lile. Mwaka wa hamsini huu sijamtaja.

"Wafu siwataji, Bwana Haskell."

"Basi fomu itakwenda tupu. Na wenye vigari wameleta majina elfu tatu ya wanaopinga."

"Elfu tatu," alisema Verlene, "na hata mmoja hajui pa kumwaga choo."

Niliingia jikoni, nikatoa viazi majivuni, nikavipanga kwenye sahani, nikamwekea mbele. Bwana Haskell aliwahi kuvionja kwenye sherehe yetu akavipenda. Akanyoosha mkono.

"Ngoja kwanza," nilimwambia. "Hiki nimekitoa chini ya nepi. Hiki kilikuwa kimezongwa na karatasi ya chooni. Hiki cha mwisho sikukuta kitu, ila mchanga wake ulikuwa umeganda, unanuka."

Mkono ukabaki hewani. "Umeviosha?"

"Mara nne."

Akaurudisha mkono, akaufuta kwenye suruali, na hakuwa amegusa chochote.

"Samahani, Bi Orlena. Siwezi."

"Hata mimi siwezi. Basi andika hilo."

"Niandike nini?"

"Kwamba umepewa chakula ukakikataa, na sababu yake. Hapo hamna jina la mtu."

Aliinamia fomu akaandika, akageuza karatasi, akaendelea upande wa nyuma. Hakunitazama mpaka alipoaga.

Mwezi wa tisa mpaka ulisogezwa. Nguzo zimesimama, na Shukrani ile hapakuingia kigari bondeni. Verlene ananiuliza tutachimba lini. Namwambia mvua ikishaosha, na huku kwetu mvua ya kuosha kitu huja mwaka mmoja katika minne. Kungoja si tabu kwangu. Tabu ni vidole. Kila nikivisogeza karibu na mchanga ule, vinajikunja vyenyewe.