Ya Ubavu na ya Kubebana

Jumanne, tarehe kumi na moja Februari mwaka 2025, saa moja na robo asubuhi, mbwa alimng'ata Hamisa nyuma ya bucha, Mtaa wa Pilipilini, huko Bunju. Alikuwa anatoka gengeni na nazi moja na fungu la nyanya. Nazi akampiga nayo yule mbwa kichwani. Mbwa akaachia paja, akaondoka anayumba, udenda unaning'inia mpaka vumbini. Hija, mumewe, alipofika mikono mitupu alimkuta mbwa kasimama hatua kumi, kichwa chini, na nyanya zimepondeka kwenye damu, hujui ipi nyanya ipi damu. Mpaka leo akiona nyanya iliyopasuka hutema mate.

Mbwa wa pale hawakuwa siri. Nyuma ya bucha palikuwa na shimo la matumbo na kwato, funza wamejaa mpaka shimo linacheza lenyewe, na mbwa kumi na kitu walikuwa wanashinda hapo wakinenepa. Kamati ya ulinzi ya mtaa ilishakubali wapigwe risasi. Kibali kilishatoka. Mpigaji naye alishapatikana, ndiye Hija, mtu wa darasa la nne aliyekula uaskari wa wanyamapori miaka ishirini na sita. Ilibaki bunduki tu, na bunduki zilikuwepo mbili.

Moja ilikuwa ya Badru, mwenyekiti, aliyoachiwa na baba yake: ya marisau, inayotawanya punje za risasi, mitutu miwili imelala ubavu kwa ubavu. Nyingine ya mzee Projestus, mkubwa mmoja mstaafu aliyejenga ghorofa pale mtaani. Hiyo ilikuwa mpya, mitutu imebebana, mmoja juu mmoja chini. Watu wakaziita ya ubavu na ya kubebana. Kila mwenye bunduki alitaka yake ndiyo iokoe mtaa, jina lake liandikwe. Vikao viwili vikaishia hapo, na chai na sambusa juu.

Kikao cha tatu, Jumamosi ya tarehe nane, wakamwita Hija.

"Shikamoo mzee wangu," Badru akasema. "Wewe ndo fundi. Hebu waambie hawa, hii ya kubebana si ya maonyesho tu?"

"Maonyesho?" Projestus akacheka mpaka tumbo likatikisa meza. "Hilo lako, mwenyekiti, ni la kufukuzia ngedere. Mzee Hija, sema kweli ya Mungu."

Hija akasema. Maisha yake yote hakuna aliyewahi kumuuliza kitu mbele ya watu wenye kalamu, na siku ile maneno yalimtoka kama bomba limepasuka. Ya ubavu ni nyepesi, inapanda begani upesi, na ukiivunja kiunoni kutia risasi haitaki kufunguka sana. Ina vifyatulio viwili, kimoja kikigoma unacho cha pili. Ya kubebana ni nzito, lakini jicho linapita juu ya mtutu mmoja tu, halitawanyiki, na teke lake linakuja sawa begani. Walimsikiliza midomo wazi. Adelina, mwandishi wa kamati, akaandika mpaka akageuza ukurasa.

"Sasa ipi, baba?" Adelina akauliza.

"Nipeni wiki," Hija akajibu, kifua mbele. "Niziweke begani zote mbili, nitulie nazo, ndo niseme. Silaha haichaguliwi kama kanga."

Wakampigia makofi. Siku tatu baadaye ndiyo ikawa Jumanne ile.

Zahanati walimwosha Hamisa kidonda, wakampa vidonge vya maumivu, wakasema chanjo ya kichaa cha mbwa inakuja Ijumaa. Ijumaa haikuja. Ijumaa ya pili wakasema gari limeharibika. Ya tatu, aliyekaa dirishani hakuinua hata uso kwenye simu yake. Katikati ya Ramadhani Hija alimpelekea mkewe maji ya kufuturu, na Hamisa akayarusha ukutani, koo limekakamaa, macho hayamjui mumewe. Siku nne. Hija alimfunga mikono kwa kanga za Hamisa mwenyewe. Halafu akamzika.

Kwenye hitima viongozi walikuja wote. Wakala pilau, wakaramba vidole, na kabla hawajanawa Hija akamsikia Projestus barazani: "Lakini ya kubebana teke lake linakuja sawa. Si mwenyewe alisema?"

Baada ya Idi wakamwita tena. Mbwa walikuwa wapo vilevile, tena jike mmoja kazaa sita mle mle shimoni, na watoto wa shule wanapita hapo kila asubuhi. Hija alikwenda kwa ajili hiyo tu. Alitaka apewe moja, atoke nayo.

Bunduki zilikuwa mezani, na katikati yake sahani ya sambusa. Badru alikuwa anapapasa mtutu kwa vidole vinavyong'aa mafuta.

"Pole sana mzee wetu. Leo tumalize. Wewe utie saini tu kwamba ndo uliyechagua, kesho mtu asije akasema kamati imependelea."

"Nipeni yoyote."

"Yoyote haiandikiki," Projestus akasema, anatafuna. "Tunataka sababu za kitaalamu. Wiki uliyoomba si imeshapita?"

Hija akasogea mezani. Akaivunja ya ubavu, akaielekeza dirishani. Mtutu wa kulia ulipitisha mwanga. Wa kushoto nyigu walishajenga, udongo umeziba kabisa. Akaivunja ya kubebana. Mafuta ya kiwandani yalikuwa yameganda humo kama ya mkia wa kondoo, na mende wawili wamefia ndani.

"Hizi mlizifungua lini?"

"Si tulikuwa tunakusubiri wewe," Badru akasema.

"Adelina, mwanangu, hebu nisomee ya siku ile."

Adelina akafunua daftari. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mzee Hija aliomba wiki moja. Kamati iliridhia."

Kinyaa alikuwa amekizoea, kila akiwaona watu hawa kinakuja. Lakini safari hii alijionea kinyaa na yeye mwenyewe, yule fundi aliyesimama kifua mbele anataja kanga.

Akavuta bunduki iliyokuwa karibu, hakutazama ni ipi, akatoa tambara mfukoni akaanza kusafisha.

"Hapana, mzee, bado hatujapitisha—" Badru akadakia.

"Andika, Adelina," Hija akasema, mkono hausimami. "Andika nimeuliza, na uwaachie mistari ya kujibu. Jumanne ile mbwa alikuwa hatua kumi, amesimama, kichwa chini. Kati ya hizi mbili, ni ipi ingemkosa?"